Mkojo Unaobaki: Kwa Nini U.T.I. Haiwaachi Walioumia Uti wa Mgongo

Jioni moja nilisimama kaunta kwenye duka la dawa, Ngamiani, nikamwambia kijana aliyekuwa zamu, "Mdogo wangu aliumia uti, sasa ana homa." Sijamaliza, ameshageuka kuchukua sipro, dawa ya kuua bakteria. Hapa Tanga ukitamka "uti" dukani, muuzaji anasikia U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mimi nilikuwa namweleza habari ya mgongo: mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mnazi kule Pangani, akavunjika mgongo, na tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Yule kijana hata hivyo hakuwa mbali na ukweli, maana aliyeumia uti wa mgongo huandamwa na U.T.I. miaka na miaka. Miaka miwili ya kwanza nilinunua sipro mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuuliza bei.

Naandika kwa ajili ya nyumba zenye mtu kama huyu. Wako wengi mwambao huu: wakwezi wa minazi, madereva wa bodaboda na abiria wao, walioangukiwa na magogo. Tulipotoka hospitali tulifundishwa kumgeuza ili asipate vidonda, tukafundishwa na kumnyoosha viungo. Habari ya kibofu ilielezwa kwa haraka, mlangoni, huku gari likisubiri. Na kibofu ndicho kilichotutesa.

Tunasema "uti wa mgongo", lakini uti ni mifupa. Ndani ya mifupa hiyo umepita ugwe mgongo, mnene kama kidole kidogo cha mkono, na humo ndimo zinamopita habari zote kati ya ubongo na mwili wa chini. Mfupa ukivunjika unaweza kuunga. Ugwe ukisagika hauungi vile. Sasa, vituo vinavyoendesha kukojoa viko mwisho kabisa wa ugwe huo. Kwa mtu mzima wa afya, figo hudondosha mkojo kidogo kidogo, kibofu kinatanuka, na kikifika mililita 400 au 500 amebanwa barabara. Akifika chooni, ubongo unatoa amri mbili kwa wakati mmoja: msuli wa kibofu ukaze, na mlango wa chini ulegee. Mkojo unatoka wote, kibofu kinabaki kitupu.

Ugwe ukikatika juu ya vile vituo, amri zinapotea njiani. Kibofu kinakaza chenyewe bila kuulizwa, na mara nyingi mlango nao unakaza papo hapo, kwa hiyo mkojo unasukumwa dhidi ya mlango uliofungwa. Presha hiyo inaweza kuurudisha mkojo juu mpaka kwenye figo. Ugwe ukiumia chini, kwenye vituo vyenyewe, kibofu kinalegea na kujaa tu mpaka kimwagike chenyewe. Cha mdogo wangu ni cha aina hii ya pili. Tulikuwa tukiona shuka limelowa tunasema alhamdulillahi, amekojoa. Kumbe yale yalikuwa mabaki ya juu yanayofurika, na chini yake kibofu kimejaa vilevile. Mtu anaweza kulowa mchana kutwa na bado asiwe ametoa hata nusu.

Mkojo huo unaobaki ndio shina la maradhi. Bakteria wanaoleta U.T.I. mara nyingi zaidi wanatoka utumboni mwa mtu mwenyewe, na maarufu kati yao anaitwa E. coli. Kila mtu anaingiwa na wachache kupitia njia ya mkojo. Mwenye afya anawafagia nje kila akojoapo. Kwa mwenye mkojo uliotuama wanabaki na kuzaana, na E. coli akipata mazingira mazuri huweza kujigawa mara moja kila dakika 20 hivi. Chukua kalamu upige hesabu: mmoja, kwa mwendo huo, baada ya saa nne ni 4,096. Baada ya saa nane amepita milioni 16. Ndani ya mkojo mwendo wao huwa wa polepole kuliko huo wa kwenye karatasi, lakini hesabu inaonyesha kwa nini wauguzi wanasisitiza kibofu kimwagwe kila baada ya saa nne mpaka sita, na kwa nini kuruka zamu moja kunaweza kuleta homa kesho yake.

Kuna na jambo la pili lisilosemwa sana. Kibofu kikivutika kupita kiasi, mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wake inabanwa. Damu ikipungua, kinga ya mwili inachelewa kufika pale. Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, ndiye aliyelishikilia jambo hili. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira (kile kijirija chembamba kinachoingizwa mpaka kibofuni) uliooshwa tu, bila glovu za upasuaji, na akaendelea vizuri, mradi afanye hivyo kwa saa zake. Kabla yake, Ludwig Guttmann, aliyeanzisha wodi ya majeruhi wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alikuwa ameonyesha faida ya kumwaga kibofu kwa vipindi, ila kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Nyakati hizo majeruhi wengi wa mgongo walikufa mapema kwa maambukizi ya mkojo na vidonda. Lapides alikishusha kipimo cha usafi mpaka mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kukifikia nyumbani kwake, na hilo limewaokoa watu wengi mno.

Kwetu mabadiliko yalianza na daftari. Muuguzi mmoja mtu mzima alituuliza mdogo wangu anatoa mkojo kiasi gani. Nikajibu, "Mwingi tu, sista." Akanitazama. "Mwanangu, mwingi si kipimo. Kabla sijakupa dawa nyingine niletee mkojo wake wa siku tatu, kwa maandishi." Tukanunua jagi la plastiki lenye mistari, lile la kupimia maziwa, na daftari la kurasa 40. Kila akitoa mkojo kwa mpira, tunaandika saa na kiasi kwa mililita. Siku ya kwanza ilisomeka hivi: saa 12 asubuhi, 950. Saa 4, 250. Saa 8 mchana, 300. Saa 11 jioni, 280. Saa 3 usiku, 300.

Sista hakuhitaji kugeuza ukurasa. Akaweka kidole kwenye 950. Mchana wote tulikuwa sawa, kila namba iko chini ya 500, na hiyo 500 ndiyo mpaka unaofundishwa kwa watu wazima. Usiku ndio uliokuwa unamuua. Kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi, saa tisa nzima, kibofu kilikuwa kinabeba karibu mara mbili ya uwezo wake.

Kwa nini usiku? Kwanza, ni desturi zetu. Baada ya isha anakunywa chai vikombe viwili na dafu kama lipo. Pili, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mtu anayekaa kwenye kitimwendo mchana kutwa bila kuchezesha miguu, maji ya mwili yanateremka na kukaa miguuni, ndiyo maana jioni viatu vinabana. Akilala, miguu ikilingana na moyo, maji yale yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, na kibofu kinajaa. Tatu, usiku mwili wa mwenye afya hutoa homoni inayopunguza mkojo, na kwa wengi walioumia ugwe mpangilio huo unavurugika.

Dawa ya hapo haikuwa kidonge. Alasiri anapandisha miguu juu ya mto kwa muda wa saa moja au mbili. Maji anayanywa zaidi asubuhi na mchana, lita mbili hivi kwa siku, zaidi kidogo wakati wa kiangazi cha Tanga anapotoka jasho, na kuanzia magharibi anapunguza. Kisha tukaongeza zamu moja, saa 6 usiku. Zamu hiyo tuliichukia sote. Nyumba iliyolala ikiamshwa kila usiku kwa ajili ya mkojo inachoka, nami nimekasirika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini homa zilipungua kuliko zilivyowahi kupungua kwa sipro.

Kuhusu kunywa maji mengi, tahadhari moja. Kuna utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa kwa wanawake waliokuwa na maambukizi ya kibofu ya mara kwa mara, wenye afya vinginevyo, na ulionyesha kwamba kuongeza lita moja na nusu kwa siku kulipunguza maambukizi karibu nusu. Wale walikuwa wanakojoa wenyewe. Anayetumia mpira wa vipindi, ule unaoingizwa kwa zamu na kutolewa, akinywa lita nne bila kuongeza zamu, anajaza tu kisima asichokiteka. Maji na zamu vinakwenda pamoja, na daftari ndilo linaloamua.

Sasa nifike kwenye jambo linalowakosesha watu fedha na kuharibu dawa kwa wakati mmoja. Bakteria kuonekana kwenye mkojo si sawa na mtu kuumwa. Kwa anayetumia mpira, wa vipindi au wa kukaa (unaoachwa ndani ukimwaga kwenye mfuko), mara nyingi bakteria wapo tu, wameweka makazi, na hawadhuru. Kwa mpira wa kukaa, kila siku inayopita kati ya watu 100 huongezeka watatu mpaka saba wenye bakteria, na ikitimia mwezi mmoja ni karibu wote. Kwa hiyo kijiti cha maabara kikichovywa kwenye mkojo wa mtu kama huyu kitabadilika rangi karibu kila siku ya mwaka. Akienda kupima kwa sababu tu mkojo una harufu au una ukungu, atakutwa na "U.T.I.", atapewa dawa, na mwezi ujao hivyohivyo. Mwongozo wa kitabibu uko wazi kwamba asiye na dalili asitibiwe, isipokuwa mjamzito au anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwenye njia ya mkojo. Harufu peke yake, ongeza maji, tazama zamu, subiri siku moja.

Shida ni kwamba dalili zenyewe zimejificha. Asiye na hisia hasikii mkojo kuwaka. Tunachotazama sisi ni homa na baridi ya kutetemeka, mwili kuchoka ghafla, mkojo kuvuja katikati ya zamu kwa mtu ambaye havuji, na kwa wale ambao miguu yao hukakamaa au kuruka yenyewe, kuruka huko kuzidi bila sababu. Homa ikiwa kali, au anatapika, au ameanza kuchanganyikiwa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye figo au kwenye damu.

Na akiwa na dalili kweli, mkojo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kuotesha maana yake maabara inawakuza bakteria kwa siku mbili tatu na kuwajaribia dawa moja baada ya nyingine ili ijulikane ipi inawaua. Daktari anaweza kuanza dawa wakati majibu yanasubiriwa, lakini sampuli iwe imeshachukuliwa. Mwenye mpira wa kukaa uliozidi wiki mbili ubadilishwe kwanza, sampuli itoke kwenye mpira mpya. Mkojo wa kwenye mfuko usipelekwe maabara, ule umeshaota wenyewe. Mdogo wangu alipooteshewa kwa mara ya kwanza, jibu lilirudi na sipro ikiwa kwenye safu ya dawa zisizofanya kazi. Hiyo ndiyo UVIDA inayotangazwa redioni, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kwa upande wetu niliukuza mimi kwa mkono wangu, dozi za siku tatu tatu.

Watu huniuliza kama hakuna kidonge cha kunywa kila siku ili ugonjwa usije. Kipo, na kina gharama yake. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018, kwa watu wazima 404 wanaojitoa mkojo kwa mpira, ulionyesha kwamba antibayotiki ya dozi ndogo kila siku ilipunguza maambukizi yenye dalili kwa asilimia 48, lakini bakteria sugu wakaongezeka kwa waliotumia. Ndiyo maana madaktari wanaiweka kama njia ya mwisho, kwa mtu ambaye mengine yote yamerekebishwa. Kuhusu vidonge vya tunda la kranberi vinavyouzwa kwa bei mbaya, walioumia ugwe walijaribiwa Australia, watu 305, na matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha kinga yoyote. Juisi ya rozela tunywe kwa utamu wake.

Mpira wenyewe. Ulio bora ni wa kutumika mara moja na kutupwa. Najua wanaosoma haya hawapewi mipira 150 kwa mwezi, nasi hatupewi. Anayelazimika kurudia auoshe kwa sabuni mara tu baada ya kutumia, asuuze kwa maji safi ndani na nje, aukung'ute, aukaushe kabisa, auhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Ukavu una maana kuliko wengi wanavyodhani, mpira uliofungwa ukiwa na unyevu ni shamba la bakteria. Kuhusu kuchemsha, uliza, kwani si kila aina inavumilia moto. Mikono ioshwe kwa sabuni hata kama unaharakisha, na mpira upakwe jeli ya maji, usipakwe mafuta ya nazi. Ukiukwaruza mrija wa mkojo, umefungua mlango mwingine. Wanawake wasafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Mrija wao ni mfupi, sentimita nne hivi, na kulipata tundu lake ukiwa umekaa kwenye kitimwendo kunahitaji kioo kidogo na mazoezi, kwa hiyo wengi wanakata tamaa na kuwekewa mpira wa kukaa. Wakipata mwalimu mvumilivu, wengi wenye mikono inayofanya kazi wanaweza.

Kwa mwenye mpira wa kukaa, mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, usilale sakafuni, mrija usijikunje chini ya paja, na mpira ubadilishwe kwa tarehe, aghalabu kila mwezi kwa ile ya kawaida. Unaoziba kabla ya tarehe uchunguzwe. Kuna bakteria anaitwa Proteus anayegeuza mkojo kuwa na ukali wa magadi, chumvi zinaganda ndani ya mpira kama zinavyoganda ndani ya birika, na zinaweza kutengeneza mawe kibofuni. Jiwe likishakuwepo bakteria hujificha ndani yake, na hakuna dawa itakayommaliza mpaka jiwe litolewe.

Kwa hiyo aliyepata U.T.I. yenye dalili mara mbili ndani ya miezi sita, au tatu ndani ya mwaka, asiongezewe dawa tu. Aombe ultrasaundi ya figo na kibofu, kipimo cha kriatinini kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na aulizwe habari za choo, kwa sababu utumbo uliojaa choo kigumu unakikandamiza kibofu kisimwagike. Mkojo wenye damu nao usichukuliwe kwa wepesi, kwani mkoa wetu una kichocho cha mkojo tangu zamani. Ultrasaundi hospitali ya Bombo, hapa Tanga, inafanyika. Kwa vipimo vikubwa vya presha ya kibofu na dawa za kukituliza, wengi wetu rufaa inatupeleka KCMC Moshi au Muhimbili. Na jamani, tuache kumkandamiza mtu tumboni ili mkojo utoke. Mkojo huohuo unaweza kupanda kwenye figo.

Jambo la dharura. Aliyeumia kuanzia usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kifua kwenda juu, kibofu kikijaa au mpira ukiziba, presha ya damu inaweza kupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu, jasho linamtoka sehemu ya juu. Wataalamu wanaita otonomiki disrefleksia. Presha ya 140 kwa mtu ambaye kila siku ana 100 tayari ni hatari. Mkalishe wima, legeza nguo, kagua mpira umejikunja wapi, mwage kibofu, na kama haishuki kimbilia hospitali.

Halafu Ramadhani. Mdogo wangu alifunga miaka miwili ya kwanza na mwaka wa pili akaingia wodini kabla ya kumi la mwisho. Saa 13 bila maji, mkojo mkavu mweusi kama chai, na futari inayomwagwa tumboni kwa mkupuo. Alikuwa pia anajizuia kunywa siku za kawaida kabla ya kwenda msikitini, akiogopa kuvuja katikati ya sala. Nilimpeleka kwa sheikh wa mtaani kwetu. Akamwambia mgonjwa ana ruhusa yake, atalisha masikini, na anayevuja bila hiari anatawadha kwa kila sala, anajifunga vizuri na kuswali. Walikaa barazani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliporudi ndani aliomba maji, akanywa glasi mbili mfululizo.

Siku hizi zamu ya saa 6 usiku anaishika mwenyewe. Naisikia simu yake ikilia upande wa pili wa ukuta, kisha sabuni, kisha jagi. Asubuhi nakuta ameshaandika: 380.